Sukari ya Paka Mwenye Hofu

Miaka sita iliyopita nilimpeleka paka wangu kwa daktari wa mifugo kwa sababu ya kidonda kidogo sikioni. Tulirudi nyumbani na chupa ya insulini.

Alilia ndani ya kikapu njia nzima. Pale mezani walimshika watu wawili. Makucha yalizama kwenye taulo, mboni zikatanuka hadi macho yakawa meusi tii, na manyoya yakawa yanapukutika na kunata mikononi mwa waliomshika. Akiwa katika hali hiyo ndipo akatolewa damu. Sukari ikasoma 17, wakati ya paka mzima kwa kawaida haivuki 8 hivi. Daktari akasema ni kisukari, tuanze sindano jioni ile ile, kutwa mara mbili.

Nikampigia mama. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, walimpima akiwa ametulia?"

Alijua anachouliza. Yeye mwenyewe kila akipimwa presha hospitali ilikuwa inafika 165, na nusura aanzishiwe dawa za maisha, mpaka daktari mmoja alipomtaka ajipime nyumbani siku saba, asubuhi na jioni, akiwa ameketi kimya. Haikuvuka 128. Kilichokuwa kikiipandisha ni hofu ya lile koti jeupe la daktari.

Jioni ile sikumchoma paka sindano, wala sikulala. Kama kweli anaumwa, ninamcheleweshea tiba. Kama haumwi, insulini ingeishusha sukari yake hadi apate degedege, hata afe. Nilikaa naye sakafuni, mkono wangu juu ya mbavu zake, nikihesabu pumzi.

Asubuhi nilimpigia daktari mwingine. Huyu alianza na maswali: anakunywa maji kuliko zamani? Anakojoa sana? Anakonda ilhali anakula? Yote hapana, lakini nilitaka uhakika. Nikachora alama kwa kalamu ndani ya bakuli lake la maji, na kila asubuhi nikajaza palipopungua kwa bomba la sindano lenye vipimo. Paka wa kilo 4 alikuwa akinywa kama mililita 150 kwa siku, kiasi cha kawaida kabisa. Mkojo niliukinga nyumbani, haukuwa na sukari. Kisha daktari akaagiza kipimo cha fruktosamini, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa wiki mbili hivi zilizopita, kwa hiyo hofu ya nusu saa haiwezi kukibadili. Majibu yakaja: hana kisukari.

Ile 17 haikuwa ya uongo. Paka akiogopa, mwili humwaga sukari kwenye damu ili apate nguvu za kupigana au kukimbia, na paka ni wepesi mno kupandwa na sukari ya namna hiyo. Kwa hiyo mashine siilaumu, na dawa za hospitali sijaziacha. Kilichomwokoa ni kipimo kingine cha maabara. Ninacholaumu ni kwamba namba moja ilitosha kumpa mnyama ugonjwa wa maisha, bila mtu kuniuliza hata anakunywa maji kiasi gani. Hilo linaniuma hadi leo.

Majibu yalipotoka, sikio lilikuwa limeshapona lenyewe. Siku ile mezani hakuna aliyelitazama.