Jicho linapenda fujo, daftari halitaki

Kila nikimwambia mtu kwamba napenda kufuatilia tabia za wanyama ananiuliza kama nishaona simba akiua. Banange! Hii kazi sehemu kubwa ni kumwangalia mnyama akijikuna, akilala, akiamka akijikuna tena, na wewe umeshika saa na daftari unaandika hayo hayo. Na uzuri wake uko hapo hapo.

Shida kubwa ni macho yetu. Chukua hawa kaloli wetu wa Kampala, wale ndege wakubwa wenye upara wanaokaa juu ya miti na kwenye majalala. Wawili wakigombania utumbo wa kuku, wote tunageuka huko, wale wengine kibao waliosimama tu kimya hakuna anayewahesabu, halafu jioni unakuja kusema kaloli ni ndege wa vita. Si kweli, ni jicho lako ndilo limekuchagulia cha kuandika. Mwaka 1974 Jeanne Altmann, Mmarekani aliyekuwa akifuatilia nyani wa Amboseli huko Kenya, aliandika makala iliyobadilisha hii fani, na hoja yake ni rahisi kabisa: sheria ya kutazama unaiweka kabla hujaanza kutazama. Kuandika chochote kinachokuvutia inaruhusiwa, inasaidia siku za mwanzo au kwa mambo yanayotokea mara moja moja, lakini usije ukatoa hesabu humo.

Njia ninayoipenda mimi ni ya kumfuata mnyama mmoja. Unamchagua mapema, kwa kura au kwa orodha, unapanga muda, tuseme nusu saa, na ndani ya huo muda ni yeye tu. Nyuma yako wengine wanapigana, wanapiga kelele msitu mzima unatikisika, wewe unaandika "anakula majani". Inauma jamani. Akipotea kichakani unaandika haonekani, hukisii anafanya nini huko. Na maneno yenyewe mnakubaliana kabla, huandiki "amekasirika" kwa sababu hasira hujaiona, umeona manyoya yamesimama na ametikisa tawi. Halafu watu wawili wanamtazama mnyama mmoja kila mtu na daftari lake, wakimaliza wanalinganisha, na kama hayafanani basi maana ya maneno hamjaelewana, rudini mkajipange.

Ukitaka kujua kundi zima linatumiaje siku, hapo unafanya kama mwalimu anayeita rejista: kila baada ya dakika kumi unapitisha macho kutoka upande mmoja hadi mwingine, kila mnyama unamwandikia anachofanya sekunde ile ile, basi. Kaloli ni wazuri sana kwa hili kwa sababu hawaendi popote. Ukifanya asubuhi na ukarudia saa nane jua likiwaka utaona pia kwa nini miguu yao ni myeupe, wanajinyea makusudi ili unyevu ukikauka uwapoze. Samahani kama ulikuwa unakula.

Lakini kwa kaloli umepewa dezo, wameshatuzoea. Sokwe wa msituni akikuona anakimbia, na hapo unaona sokwe anavyokimbia, huoni anavyoishi. Kule Budongo, msitu wa magharibi mwa Uganda ambako mtafiti Vernon Reynolds alianzisha kituo cha kufuatilia sokwe mwaka 1990, kazi ya kwanza ilikuwa kuwafanya wawazoee watu, na hiyo inachukua miaka. Wanaotembea nao kila siku ni vijana wa vijiji vya jirani, na wanamjua kila sokwe kwa sura, masikio, na hata vidole alivyokatwa na mitego ya nyaya iliyowekwa kwa ajili ya wanyama wengine. Na kuzoeana kuna gharama yake. Mwaka 2013 huko Kanyawara, msitu wa Kibale, kirusi cha mafua ya binadamu kiliua sokwe watano. Mafua tu! Ndiyo maana ukienda kuwaona unaambiwa uvae barakoa na usiwasogelee, msiwe mnabishana na maaskari wa wanyamapori.

Kuna maswali mengine kutazama peke yake hakuyajibu, inabidi umchokoze mnyama kidogo. Watafiti walitoboa magogo wakatia asali, wakawawekea sokwe wa Kanyawara na wa Sonso, jamii moja ya kule Budongo. Wa Kanyawara wakachukua vijiti. Wa Sonso, ambao hawajulikani kabisa kwa kutumia vijiti kupata chakula, wakaingiza vidole au wakatafuna majani wakayafanya sifongo. Asali ile ile, tundu lile lile, kila jamii na mazoea yake.

Jaribio linaloniacha hoi zaidi ni la nguchiro wa Mweya, ndani ya hifadhi ya taifa ya Queen Elizabeth, wanaofuatiliwa tangu 1995. Wale wamenyolewa manyoya kwa alama tofauti ili watambulike, na wanapanda wenyewe juu ya mizani kwa sababu wanajua watapewa maziwa kidogo. Majike wa kundi mara nyingi wanazaa usiku mmoja, watoto wanachanganyika shimoni, mama hajui wa kwake ni yupi. Sasa watafiti wakawapa chakula cha ziada nusu tu ya majike wenye mimba. Watoto wa wale wasiolishwa wakazaliwa wadogo, halafu kumbe mama walioshiba wakawahudumia zaidi hao wadogo, si wa kwao. Jambo kama hilo hulioni kwa kupita na gari ukipiga picha, hata ukipita miaka kumi.

Mitambo nayo inasaidia sana. Mwaka 2024 droni yenye kamera ya joto ilimnasa usiku Jacob, simba wa miguu mitatu, na ndugu yake wakiogelea kuvuka mfereji wa Kazinga wenye viboko na mamba, na nani angekaa pale gizani kuhesabu? Ila droni nayo inaenda unakoielekeza, kwa hiyo hoja ya Altmann bado iko pale pale.

Kama una simu yenye saa na kaloli jirani, anza Jumamosi hii. Andika kwanza orodha ya vitendo, vinane vinatosha, halafu weka alamu ya dakika kumi kumi. Usikae chini ya mti wao lakini.