Nilivyofanya kazi ya hempu Kentucky bila kuchafua faili langu la uraia

Mama alipata habari kabla sijamwambia. Yuko kambini Nyarugusu, Kigoma, na umbea wa huku Lexington, Kentucky, huwa unamfikia siku hiyo hiyo. "Baba, kweli Marekani umeenda kulima bangi?" Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Kambini tumeona vijana wakibebwa na polisi kwa msokoto mmoja.

Ilikuwa Juni 2019. Nilikuwa nimechoka kufunga maboksi usiku kucha ghalani, na mzee mmoja wa Uvira tunayesali naye akanidokeza kwamba kuna mashamba kaunti ya Bourbon yanatafuta watu wa mchana. "Ni hempu, si ile nyingine," akasema. Nikakubali kwanza, maswali nikayaacha ya baadaye. Hapo nilikosea.

Mmea wenyewe ni ule ule wa bangi, jani ni lile lile lenye vidole. Kinachotenganisha ni kipimo: hempu haitakiwi kuzidi asilimia 0.3 ya THC, ile kemikali inayolewesha, kwa uzito mkavu. Sheria ya kilimo iliyosainiwa tarehe 20 Desemba 2018 ndiyo iliyoitoa kwenye orodha ya dawa za kulevya. Wakulima wa Kentucky, wengi wao watu wa tumbaku, wakaikimbilia, na mwaka ule jimbo likapanda zaidi ya ekari 20,000. Karibu zote zilikuwa za CBD, mafuta ya kwenye maua, si za nyuzi za kamba kama walivyolima mababu zao.

Sasa kwetu tusio raia kulikuwa na jambo jingine. Aprili 19 mwaka huo huo idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo kwamba kufanya kazi kwenye biashara ya bangi, hata katika jimbo lililoihalalisha, kunaweza kukukosesha uraia. Hempu haimo humo. Lakini fomu ya uraia inataka kazi zako zote za miaka mitano, na mimi nilibakiza mwaka mmoja tu niombe. Mwanasheria wa msaada wa bure aliniambia hivi: kazi ni halali, ila usitegemee kila afisa aijue tofauti, mwenye kuthibitisha ni wewe.

Basi kesho yake nikamfuata bosi, kofia mkononi, nikamwomba nakala ya leseni yake ya Idara ya Kilimo ya Kentucky. Alinitazama kama niliyemwomba hati ya nyumba. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, akaingia ofisini, akatoka na nakala nane, moja kwa kila mmoja wetu. Tangu siku hiyo nikawa na bahasha ya kaki: leseni, karatasi za malipo kila wiki mbili, na baadaye majibu ya maabara ya kila kiwanja nilichokanyaga.

Kazi yangu kubwa Agosti ilikuwa kuwinda madume. Unapita mstari kwa mstari, unainamia pale tawi linapokutana na shina. Jike linatoa nywele mbili nyeupe, nyembamba kama uzi. Dume linaning'iniza vifuko vidogo vya kijani mfano wa zabibu changa, na havina nywele. Vifuko vikipasuka, chavua inasambaa na upepo, majike yanashika mbegu, mafuta yanapungua. Dume moja lililojificha linatosha kukuharibia shamba, kwa hiyo tuliling'oa na kulitia kwenye mfuko wa plastiki hapo hapo. Baada ya wiki mbili jicho langu liliyaona nikiwa bado hatua tatu.

Septemba ndipo roho inapopanda. Ua likikomaa CBD inaongezeka, lakini THC nayo inapanda pamoja nayo. Ukisubiri wiki moja zaidi upate mafuta mengi, mkaguzi anakata vichwa vya mimea yako, anapeleka maabara, kipimo kinazidi, na shamba zima linateketezwa. Bosi alivuna mapema. Wengine walimcheka.

Mavuno tuliyatundika kwenye mabanda ya tumbaku, na harufu ikatufuata mpaka nyumbani. Mke wangu alinivulisha nguo barazani. Jioni moja polisi alinisimamisha kwa taa ya nyuma iliyoungua, na nilipoteremsha kioo tu, uso wake ukabadilika. Nilikuwa nimesoma juu ya lori la hempu lililotoka Kentucky kwenda Colorado likakamatwa Pawhuska, Oklahoma, Januari ya mwaka ule ule, waliokuwemo wakawekwa ndani. Mikono juu ya usukani, nikamwambia: "Bwana, nafanya kazi shamba la hempu, karatasi ziko kwenye bahasha juu ya kiti." Alisoma, akapiga simu, akarudi gari lake. Nilikaa pale karibu dakika arobaini. Aliniachia na onyo la taa.

Bei ilianguka kabla ya Krismasi, maana kila mtu alikuwa amelima na wanunuzi hawakutosha. Kampuni iliyoahidi kununua mzigo wetu haikulipa. Malipo yangu ya wiki tatu za mwisho yalikuja Machi, vipande vipande, na kwa hilo namshukuru bosi kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa amepata kitu. Mwaka uliofuata alirudia tumbaku, mimi nikarudi ghalani.

Nilihojiwa mwaka 2021. Afisa alipitisha kalamu kwenye orodha ya kazi, akasimama. "Hempu ni nini?" Nikamwambia kipimo chake, nikamwambia sheria na tarehe yake, nikasukuma bahasha mezani. Alisoma karatasi mbili za juu, akairudisha, akaniuliza nani alikuwa rais wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Nikamjibu, "Woodrow Wilson."