Mtutu mfupi, kelele nyingi

Huku kwetu Mufindi, wanaolinda mahindi dhidi ya nguruwe pori hawaishi kubishana kuhusu mitutu. Baba mdogo, mwenye bunduki ya marisau na leseni yake, anaamini mtutu ukifupishwa nguvu yote imekwisha. Namheshimu mzee, ila hapo simfuati.

Gesi ya baruti huisukuma risasi muda wote ikiwa ndani ya mtutu. Ukiwa mfupi, msukumo unakatika mapema. Risasi ya .308, ile ya raifo za kuwindia wanyama wakubwa, hutoka kwa mita 800 hivi kwa sekunde, na kila inchi ya mtutu inayopungua huondoa kama mita 6 hadi 8 kwenye kasi hiyo. Si kidogo, si msiba. Ya .22, ile ndogo, baruti yake ni chache, kwenye mtutu wa karibu inchi 16 imeshamaliza kazi.

Kwenye marisau hasara kubwa iko mdomoni. Mitutu mingi hubanwa kidogo pale mwishoni ili punje ziende zimeshikana. Ondoa sehemu hiyo, zinatawanyika mapema. Nguruwe wa mbali anaambulia mbili tatu, anakimbia na jeraha. Na mlio sasa! Gesi inatoka ikiwa bado na shinikizo kubwa, moto unaruka, masikio yanavuma hadi jioni.