Capelo, Faial: safari ya kumtafuta bibi

Ukitaka kutafuta ukoo wako visiwa vya Azores, usitangulize jina. Tanguliza parokia. Hilo ndilo la kwanza tuliloambiwa, mimi na mama mkwe wangu, na ndilo lililotutesa, kwa sababu yeye alichokuwa nacho mkononi ni jina la kisiwa tu: Faial. Kisiwa hicho ni kidogo, lakini kina parokia 13, na kila moja imekuwa na vitabu vyake vya ubatizo, ndoa na vifo kwa karne nyingi. Kama hujui ni ipi, itabidi upekue zote.

Azores ni visiwa 9 vya Ureno, katikati ya Atlantiki, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Lisbon. Watu wake wamekuwa wakihama tangu zamani, wengine wakikimbia njaa, wengine wakikwepa kuchukuliwa jeshini, wengine wakifuata ndugu waliotangulia. Massachusetts, ninakoishi tangu nilipoolewa, kuna miji miwili, Fall River na New Bedford, ambayo ukiingia dukani asubuhi unasikia Kireno kabla ya Kiingereza.

Mama mkwe kazaliwa Fall River. Bibi yake mzaa mama aliingia pale akiwa kigoli, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akafanya kazi katika viwanda vya pamba maisha yake yote. Hakujua kusoma. Alifariki mwanzoni mwa 1957, mjukuu wake akiwa na miaka saba. Kilichobaki ni picha moja: msichana kavaa kitambaa kichwani, upepo unampiga, na nyuma yake umesimama mnara wa taa wa kuongozea meli. Nyuma ya picha, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma, kumeandikwa kwa Kireno kwamba huyu ni dada yako, na mwaka 1912.

Huyo dada ndiye aliyekuwa akimnyima mama mkwe usingizi. Barua zilikuwa zikija kutoka kwake miaka yote, kisha zikakatika. Hakuna aliyejua kwa nini.

Mume wangu alibaki na watoto, nikafunga safari mimi na mama yake. Nilitaka kwenda, tena sana. Mimi ni mtu wa Mombasa; kwetu mgeni akibisha hodi kwa wazee, haulizwi anafanya kazi gani, anaulizwa yeye ni mtoto wa nani. Kumwona mama mzima, mwenye wajukuu, hana jibu la swali hilo zaidi ya vizazi viwili, kuliniuma. Na Mreno niliyefundishwa shuleni ni yule wa Fort Jesus, aliyekuja na mizinga akaanza kujenga ngome 1593. Wareno wa mama mkwe walikuwa watu wengine kabisa, wa jembe na ng'ombe wawili.

Ndege ya kutoka Boston mpaka Ponta Delgada, kwenye kisiwa cha São Miguel, ni kama saa tano. Pale tukapanda ndege ndogo ya pangaboi kwenda Horta, mji mkuu wa Faial. Kabla ya kutua, mlima wa Pico ulijitokeza dirishani, mita 2,351, mrefu kuliko mlima wowote wa Ureno, umesimama peke yake kwenye kisiwa jirani ng'ambo ya mlango wa bahari. Mama mkwe aliushika mkono wangu. Bibi yake alikuwa akiuchora mlima huo kwa kidole kwenye unga wa mkate, na mpaka siku ile alidhani ni mlima wa kubuni.

Horta ni bandari. Kuta za gati zimejaa michoro ya mabaharia wanaovuka Atlantiki, kila mashua na mchoro wake, kwa imani kwamba asiyechora atapata balaa baharini. Zamani zilitia nanga hapa meli za kuvua nyangumi kutoka New Bedford, zikichukua maji, viazi na vijana. Familia moja ya Kimarekani, akina Dabney, ilishika ubalozi mdogo wa Marekani hapa vizazi vitatu katika karne ya 19. Vijana wa Faial na Pico walipanda meli hizo bila kujua zitawafikisha wapi, na nyingine zilizunguka mpaka Bahari ya Hindi, zikapiga bandari Unguja. Nilipolisoma hilo nilifurahi kama niliyekutana na jirani.

Sasa nieleze ugumu wenyewe, maana wengi wanaoanza kutafuta hukwama hapa.

Vitabu vingi vya parokia za Azores vimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na kuvitazama ni bure. Nyumbani tulikuwa tumekesha navyo. Lakini mtoto akibatizwa, padri aliandika jina la kwanza tu. Maria. Ukoo wake haumo. Unaupata kwa wazazi. Na wasichana walipokua hawakulazimika kuchukua jina la baba wala la mama. Wengi walijiita kwa jina la ibada: Maria de Jesus, Maria da Conceição, Rosa do Coração de Jesus. Ndugu wa tumbo moja, majina matatu tofauti. Halafu wakifika Marekani, mwajiri au mwalimu anayakata yafae masikio yake: Pereira anageuka Perry, Rodrigues anakuwa Rogers, Reis anaitwa King. Mume wa bibi alipatwa na hayo hayo. Kwa hiyo karatasi za bibi za Marekani zinamwonyesha kwa jina la ibada mwanzoni na jina la Kiingereza la mume mwishoni, na la kwao halimo kabisa. Wanaume unaweza kuwafuata kwenye orodha za pasipoti na za jeshi. Wanawake hupotea, na mimi naona ni dhuluma, kwa sababu ndio waliozaa ukoo wote huo tunaousaka.

Aliyetufungulia njia ni dada mmoja wa hifadhi ya nyaraka ya Horta. Tulimpa picha. Hakuangalia uso wa msichana, aliangalia mnara, kisha akaigeuza akaangalia mwaka. Faial ilikuwa na minara miwili mikubwa, akasema: wa Ribeirinha upande wa mashariki na wa Capelinhos magharibi. Wa Ribeirinha ulianza kuwaka 1919. Kwa hiyo 1912 ulikuwepo mmoja tu. Nendeni parokia ya Capelo.

Akatuletea kitabu cha ubatizo cha Capelo cha miaka ya 1890. Karatasi nene, wino umegeuka rangi ya chai ya rangi, mwandiko wa padri umelala upande mmoja kama nyasi za ufukweni. Pambizoni, kila mtoto ana namba yake, jina lake na kitongoji chake. Mama mkwe alijua siku ya kuzaliwa ya bibi kwa sababu ilikuwa sikukuu ya mtakatifu, na familia iliisherehekea. Tukashuka nayo ukurasa kwa ukurasa, Maria baada ya Maria. Alipotokea Maria wa siku ile, mama yake akiwa na jina lile lile ambalo bibi alimpa binti yake wa kwanza, tukajua ndiye.

Maandishi ya aina hiyo, tangu padri walipoagizwa kufuata mfumo mmoja katikati ya karne ya 19, ni hazina. Yana baba na mama, kazi ya baba, babu na bibi wa pande zote mbili, na wazazi wa ubatizo. Watu saba wa familia kwenye aya moja. Na aya inamalizika kwa maneno ambayo yamo karibu kila ukurasa: kwamba wasimamizi hawakutia sahihi kwa kuwa hawajui kuandika. Mama mkwe aliomba atafsiriwe mara ya pili. Kisha akasoma majina yale saba kwa sauti ya chini, akiyatamka vibaya, akayarudia mpaka yakakaa sawa mdomoni.

Kwenye kitabu cha ndoa tuliwakuta wazazi wa Maria, na kando yake ruhusa ya Kanisa ya kuoana ndugu wa damu wa daraja la nne. Mama mkwe alishtuka kidogo. Mimi sikushtuka, pwani yetu watu huoa binamu zao, na kisiwa chenye vijiji vichache kingefanyaje?

Kesho yake tukachukua teksi kwenda Capelo, njia nzima ukingo wa maua ya buluu ya hortênsia. Kisha maua yakaisha, na kijani chote kikaisha, tukawa mbele ya nchi ya majivu.

Tarehe 27 Septemba 1957, mbele ya mnara wa Capelinhos, bahari ilianza kuchemka. Volkano ilikuwa inatoka chini ya maji. Iliendelea miezi 13, mpaka Oktoba 1958. Majivu yaliangukia mashamba na mapaa ya Capelo na Praia do Norte, mapaa yakaporomoka kwa uzito, na usiku wa kuamkia 13 Mei 1958 ardhi ilitetemeka mamia ya mara, nyumba zilizokuwa zimebaki nazo zikaanguka. Hakufa mtu kwa mlipuko wenyewe, lakini mahindi yalikufa, malisho yalikufa. Marekani ikapitisha sheria Septemba 1958, iliyosukumwa na maseneta John Pastore wa Rhode Island na John F. Kennedy wa Massachusetts, kutoa viza 1,500 kwa wakuu wa familia walioathirika, nje ya idadi ndogo waliyotengewa Wareno. Baada ya hapo mlango ukazidi kufunguka, na vijiji vikahama.

Mnara bado umesimama. Ghorofa ya chini ya jengo lake imezikwa, madirisha ya juu yako karibu na usawa wa ardhi. Chini yake, ndani ya majivu, kimejengwa kituo cha makumbusho kilichofunguliwa 2008, na unaweza kupanda ngazi za mnara hadi juu. Tulipanda. Mama mkwe aliitoa picha akatafuta mahali aliposimama yule msichana. Hapapo. Pako mita kadhaa chini ya miguu.

Kijijini tulimkuta bibi mmoja anaanua nguo. Mjukuu wake, aliyejua Kiingereza, alitusaidia. Hakutuuliza majina. Aliuliza, "Ninyi ni wa nani?" Mama mkwe akataja majina yote saba, kama alivyoyakariri. Yule bibi akatikisa kichwa; majina hayo nusu ya parokia inayo. Kisha mama mkwe akakumbuka kitu: bibi yake alipenda kusema kwamba baba yake "alikuwa akiita nyangumi."

Bibi akaacha nguo. Juu ya jabali, karibu na mnara, palikuwa na mlinzi aliyekaa na darubini tangu alfajiri, na akiona pumzi ya nyangumi anarusha fataki, wanaume wanaacha majembe wanakimbilia mashua. Familia ya mlinzi yule ilijulikana kijijini kwa lakabu ya kazi yake, na hakuna aliyewaita kwa jina la kanisani. "Hao nawajua," alisema. "Tulikuwa majirani. Mimi nilikuwa na miaka kumi volkano ilipotoka, nilikuwa nafagia majivu mlangoni kwao."

Akatukaribisha ndani, akatukatia jibini na mkate mtamu wa mayai. Dada wa kwenye picha naye hakujua kuandika. Barua zake zilikuwa zikiandikwa na mwalimu wa shule. Shule ilipofungwa kwa majivu, mwalimu aliondoka. Tena barua za mwisho alimwandikia marehemu bila kujua, na Fall River hapakubaki mtu nyumbani anayesoma Kireno. Mwaka 1959 wanawe walipata viza, wakaondoka naye.

"Walikwenda wapi?" aliuliza mama mkwe.

Bibi akatoa kwenye droo kadi za Krismasi zilizofungwa kwa utepe. Zilikuwa zimetoka New Bedford.

Kutoka Fall River mpaka New Bedford hakufiki kilomita 30. Mama mkwe amepita pale maisha yake yote, kwenda kununua samaki. Baadaye binamu zake walitueleza kwamba mama yao, siku zake za kwanza Marekani, aliwatuma Fall River kila Jumapili, wamsubiri dada yake nje ya kanisa. Waliulizia kwa jina la Kireno la mumewe. Kwa jina hilo hakuwepo mtu.

Tulirudi na namba ya simu. Waliokuja kutupokea nyumbani kwao New Bedford walikuwa wengi kuliko viti, na mkubwa wao, mzee wa miaka 80, alileta barua ambazo mama yao aliendelea kuziamuru ziandikwe na hazikutumwa popote.

Kisha likaja suala la kaburi. Jiwe la bibi, Fall River, lina jina la Kiingereza na miaka miwili tu. Binamu walitaka iongezwe sala. Mama mkwe alikataa kwa upole. Nafasi iliyobaki, fundi alisema, ni ya mstari mmoja. Alitaka jina la baba yake bibi na parokia, ili wanangu na watoto wa wenzao wasije wakaanza na vitabu vya parokia 13. Wakabishana meza nzima, kwa lugha mbili, hadi chakula kikapoa, na yule mzee wa miaka 80 akaamua upande wake. Fundi ameshalipwa nusu. Mstari utasomeka jina la ukoo, kisha Capelo, Faial, na kazi itaanza udongo wa makaburini ukishaacha kuganda.