Nilivyoifanya The Sims 2 iitambue kadi mpya ya grafiki

Dada yangu alinitumia folda moja, na ndani yake mlikuwa na mtaa tuliouanza tukiwa watoto: familia saba, nyumba kumi na moja, na bibi mmoja mwenye paka ambaye sote wawili tulimpenda kuliko wengine wote. Ni mtaa wa The Sims 2, gemu iliyotoka 2004. Kompyuta tuliyoichezea ilikufa zamani, ila dada alikuwa amenakili mafaili kwenye diski ya nje kabla haijazima kabisa. Mimi sasa nina kompyuta mpya, kadi yake ya grafiki ina kumbukumbu ya GB 12. Nikajua kazi ni kusakinisha, kubandika ile folda mahali pake, na kumwita dada aje tuone.

Gemu ilifunguka. Lakini skrini yangu ni ya pikseli 2560 kwa 1440, na gemu ilinipa 800 kwa 600 zilizovutwa mpaka maandishi yakawa na ukungu. Kwenye mipangilio hapakuwa na ukubwa mwingine wa kuchagua. Chini ya miguu ya kila mtu palikuwa na mraba mweusi mahali pa kivuli. Na baada ya kama nusu saa kuta zikaanza kugeuka waridi, chumba hiki, kisha kile, halafu gemu ikajifunga yenyewe.

Siku ya kwanza niliimaliza kwa kubahatisha. Nilibadili hali ya utangamano ya Windows, nikasakinisha upya draiva (programu inayoiunganisha kadi na Windows), nikarudisha draiva ya zamani, nikazima hiki na kile. Hakuna kilichosogea hata kidogo.

Siku ya pili ndipo nilipofungua folda ya gemu iliyoko kwenye Documents, nikaona folda ndogo inayoitwa Logs. Mle mna faili la maandishi lenye jina la kompyuta yako likifuatiwa na config-log. Kila gemu inapowaka huandika pale kile inachokijua kuhusu mashine. Nililifungua, nikashuka hadi sehemu ya kadi ya grafiki, na jibu lilikuwa pale tangu dakika ya kwanza. Jina la kadi lilikuwa sahihi upande wa draiva. Upande wa orodha ya gemu yenyewe paliandikwa Found: 0, Matched: 0. Na chini kidogo: Texture memory: 32MB.

Megabaiti thelathini na mbili! Kadi ina GB 12.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba gemu haikuwa imeharibika. Inakuja na orodha yake ya kadi inazozifahamu, kwenye faili liitwalo Video Cards.sgr, na sheria za namna ya kuitendea kila kadi, kwenye faili liitwalo Graphics Rules.sgr. Kadi isiyo kwenye orodha huchukuliwa kama mgeni asiyejulikana, na mgeni hupewa kiwango cha chini kabisa ili asianguke. Kwa waliounda gemu mwaka ule, ulikuwa uangalifu mzuri. Kadi nyingi za wakati huo zilikuwa dhaifu kweli. Wasingeweza kuorodhesha kadi ambazo zingezaliwa miaka ishirini baadaye.

Mafaili yote mawili ni maandishi ya kawaida, unayafungua kwa Notepad. Orodha imepangwa kwa watengenezaji, kila mmoja na namba yake ya heksa (namba za mfumo wa kumi na sita, zinazotanguliwa na 0x): 0x10de ni NVIDIA, 0x1002 ni ATI, ambayo sasa ni AMD, na 0x8086 ni Intel. (Hiyo ya Intel inanifurahisha kila nikiiona, maana 8086 ni jina la kichakato chao cha 1978.) Chini ya mtengenezaji kuna mistari ya kadi: neno card, namba ya heksa, kisha jina ndani ya alama za kunukuu. Namba ya kadi yako unaipata kwenye Device Manager. Bofya kadi, ingia Properties, kisha Details, uchague Hardware Ids. Herufi nne baada ya VEN_ ni mtengenezaji, nne baada ya DEV_ ni kadi yenyewe. Nikaongeza mstari mmoja chini ya mtengenezaji wangu, nikahifadhi, nikawasha gemu.

Found: 0.

Nikakagua namba mara tatu. Nikaandika upya. Bado sifuri. Hapa nilipoteza jioni nzima, na ningependa anayepita njia hii asiipoteze. Vifurushi vya nyongeza vya The Sims 2 kila kimoja kina folda yake, na ndani ya kila folda mna TSData, kisha Res, kisha Config, na humo mna nakala ya mafaili yaleyale mawili. Mimi nilikuwa nahariri nakala ya gemu ya msingi. Gemu iliyoongezewa vifurushi vyote haiwaki kutoka kwenye folda ya msingi. Inawaka kutoka kwenye kifurushi cha mwisho, Mansion and Garden cha 2008, ambako faili la kuiwashia linaitwa Sims2EP9.exe. Inasoma orodha ya hukohuko. Kwenye mkusanyiko nilionao mimi, folda hiyo ni SP9, iliyofichwa ndani ya Fun with Pets, jina ambalo halikudokezi lolote. Na kwa kuwa iko chini ya Program Files, Windows haikuruhusu kuhifadhi moja kwa moja: nakili faili kwenye desktop, lihariri pale, kisha lirudishe kwa ruhusa ya msimamizi. Weka nakala ya lile la asili kando kwanza.

Nikabandika mstari uleule kwenye folda sahihi. Nikawasha, nikafunga, nikafungua lile faili la config-log: Found: 1, Matched: 1. Nilimpigia dada saa ileile.

Megabaiti 32 zilibaki, lakini sasa nilijua pa kutafuta. Ndani ya Graphics Rules mna kifungu kinachosema kwamba gemu ikishindwa kupima kumbukumbu ya kadi, ichukulie ni 32, na iweke alama kwamba kipimo hakiaminiki. Mistari yenyewe ni seti textureMemory 32 na setb textureMemorySizeOK false. Niliweka 2048 badala ya 32, na true badala ya false. Kwenye sehemu ya ukubwa wa skrini nikabadili kikomo cha juu kikawa cha skrini yangu. Nilipowasha, mtaa ulijaa skrini nzima, na nikaona michoro ya pazia kwenye dirisha la bibi ambayo sidhani kama tuliwahi kuiona tulipokuwa wadogo.

Zile kuta za waridi ni habari nyingine, na orodha haiziponyi. The Sims 2 ni programu ya biti 32. Kwa kawaida Windows huipa programu ya aina hiyo GB 2 tu za anwani za kumbukumbu, hata kompyuta iwe na GB 64. Mtaa wenye nyumba nyingi na vitu vingi vya kupakua unazila hizo upesi, na gemu ikikosa pa kuweka picha ya ukuta, inapaka waridi. Dawa ya kwanza ni kuwasha alama moja ndani ya faili la exe inayoiambia Windows kwamba programu hii inaweza kutumia anwani zaidi. Kwenye Windows ya biti 64 inapata hadi GB 4. Kuna kijiprogramu cha NTCore kiitwacho 4GB Patch kinachofanya kazi hiyo tu. Unakielekeza kwenye Sims2EP9.exe, basi.

Waridi ilichelewa, lakini ilirudi. Dawa ya pili, na kwangu ndiyo iliyomaliza, ni DXVK. Gemu inazungumza Direct3D 9, lugha ambayo draiva za leo zinaibeba kama mzigo wa zamani. DXVK inaitafsiri kwenda Vulkan, lugha ambayo kadi mpya zimezaliwa nayo. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa Linux wanaocheza gemu za Windows, na ilianza kuelewa Direct3D 9 mwaka 2019, kwenye toleo la 1.5. Ninawashukuru kwa dhati walioiandika, maana wanaigawa bure. Unachukua d3d9.dll kutoka folda ya x32 na kuiweka kwenye folda ya TSBin, kando ya exe ya gemu. Ya x64 usiiguse hata kama kompyuta yako ni ya biti 64. Mimi niliiweka hiyo kwanza, gemu ikakataa kuwaka na kutoa kosa 0xc000007b.

Baada ya DXVK, config-log ikarudi kusema Found: 0. Moyo uliruka. Kumbe DXVK ilikuwa imejitambulisha kwa gemu kwa namba za kadi ya mtengenezaji mwingine. Nikaunda faili la dxvk.conf palepale kwenye TSBin, nikaandika d3d9.customVendorId na d3d9.customDeviceId zikiwa na namba zangu zilezile, safari hii bila 0x mbele. Ikanitambua tena. Humohumo niliongeza d3d9.maxFrameRate = 60, kwa sababu bila kikomo kadi ilikuwa inachora menyu kwa kasi isiyo na maana na feni zikipiga kelele. Na kwa siku chache niliacha dxvk.hud = api,memory, ili kona ya skrini inioneshe kwamba kweli Vulkan ndiyo inayofanya kazi na ni kumbukumbu kiasi gani inatumika.

Miraba myeusi chini ya miguu ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko vyote: mpenzi mmoja wa gemu alishatengeneza faili dogo la kurekebisha vivuli, linawekwa kwenye Downloads ya gemu. Asiyetaka kuweka kitu cha pembeni azime tu vivuli kwenye mipangilio.

Jumamosi dada alikuja. Tulicheza saa nne mfululizo, na hakuna ukuta uliogeuka rangi. Bibi alikuwa palepale jikoni tulipomwacha, na paka wake juu ya kiti. Kabla dada hajaondoka nilimwekea kwenye flashi mafaili yangu: dxvk.conf, d3d9.dll, na yale mawili ya sgr. Kadi yake si kama yangu, kwa hiyo nilimwandikia kwenye karatasi mistari mitatu ya kubadilisha, na jina la folda ya SP9 nikalipigia mstari mara mbili.