Pakiti zilizopotea na pakiti zilizopishana: nilivyoishughulikia kadi ya gigabiti 10

Seva ninayoitunza katikati ya jiji la Dar es Salaam, upande wa Posta, hupokea kila usiku nakala za data kutoka seva nyingine za jengo hilohilo. Ina kadi ya mtandao ya Intel yenye chipu ya 82599, inayoendeshwa na draiva ya ixgbe kwenye Linux. Kazi iliyopaswa kuisha kabla ya alfajiri ilianza kuendelea hadi watu wanafika ofisini, na grafu za upande wa seva zinazotuma zilionyesha pakiti nyingi (vipande vidogo vya data) zikitumwa mara ya pili. Wengi wetu tukiona hivyo husema moja kwa moja kwamba mtandao unapoteza pakiti. Mimi nilitaka kujua kwanza kama zinapotea kweli, au zinafika zote lakini kwa mpangilio usio sahihi, kwa sababu dawa ya tatizo moja haigusi tatizo la pili.

Mwenzangu anayesimamia swichi aliniambia mapema, "Kaka, kwangu hakuna pakiti iliyoangushwa, tazama kwako." Amri ya ethtool -S, inayoonyesha vihesabu vya kadi, ilithibitisha maneno yake. Kihesabu cha makosa ya CRC, yaani data iliyoharibika njiani, kilikuwa sifuri, maana yake nyaya za fiba na moduli zake zilikuwa nzima, lakini rx_missed_errors ilipanda kila nilipoirudia amri ile. Kihesabu hicho huongezeka pale fremu (pakiti ikiwa ndani ya bahasha yake ya Ethernet) inapoifikia kadi salama, kisha ikakosa mahali pa kuwekwa kwa kuwa mashine imechelewa kuondoa zilizotangulia. Nilikagua pia nafasi ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye ubao mama, kwa sababu kadi hii ikipata njia 4 tu za kizazi cha kwanza haiwezi kupitisha zaidi ya gigabiti 8 kwa sekunde. Hapo hapakuwa na kasoro.

Hesabu iliyonifungua macho ni hii: kwa fremu kubwa za kawaida, gigabiti 10 ni takriban fremu 812,000 kwa sekunde. Foleni ya kupokelea, ambako pakiti husubiri kuchukuliwa na mashine, ilikuwa na nafasi 512, hivyo mzigo wote ukiangukia foleni moja, nafasi hizo hujaa kwa muda unaozidi kidogo nusu ya milisekunde. Kiini cha prosesa kikishughulishwa na jambo lingine kwa muda huo mfupi, pakiti zinaanza kumwagika. Nilizipandisha nafasi hadi 4096, ambazo hustahimili takriban milisekunde 5, kisha nikasimamisha irqbalance, huduma inayogawa yenyewe kazi za kadi kwa viini, na kuzielekeza foleni za kadi kwenye viini vya prosesa ileile ambayo kadi imeunganishwa nayo, kwa kuwa baadhi zilikuwa zikihudumiwa na prosesa ya upande wa pili na data ikalazimika kuvuka katikati. Nasisitiza kwamba kuongeza nafasi peke yake hakutoshi: kiini kinachozidiwa na kazi muda wote kitazijaza 4096 kama kilivyozijaza 512.

Upotevu ulikoma. Kutuma upya hakukukoma, na sehemu hii ndiyo iliyonihitaji subira zaidi.

Vihesabu vya TCP, itifaki inayohakikisha data inafika yote na kwa mpangilio, vilionyesha kwamba nyingi ya pakiti zilizotumwa mara ya pili zilikuwa zimekwishafika tangu mwanzo. TCP ya kawaida ikipokea majibu 3 yanayojirudia huhesabu kuwa kuna pakiti iliyopotea, ikaituma tena na kupunguza kasi yake, hata kama pakiti hiyo imechelewa tu. Nilimwomba mwenzangu wa swichi anakili kwenda mashine nyingine pakiti zinazopita kwenye mlango wa seva yangu, tukalinganisha namba za mfuatano. Kwenye nakala ya swichi zilikuwa zimepangika sawasawa. Ndani ya seva yangu, za nyuma zilitangulia za mbele. Kwa hiyo zilipishana baada ya kuingia kwenye kadi.

Chanzo kilikuwa kipengele cha kadi hiyo kiitwacho Flow Director, ambacho huchungulia pakiti zinazotoka ili kijue programu inatumia kiini kipi, kisha huzielekeza pakiti zinazoingia kwenye foleni ya kiini hicho. Watafiti wa Fermilab, Marekani, walikwisha kuieleza tabia hii. Kerneli, yaani kitovu cha Linux, inapoihamishia programu kwenye kiini kingine, kadi nayo huhamisha foleni, huku pakiti za mwanzo zingali zinasubiri kwenye foleni ya zamani. Ni kama pale pantoni la Kigamboni: geti jipya likifunguliwa ghafla, aliyefika mwisho huvuka kabla ya waliomtangulia.

Niliwasha ntuple (uelekezaji wa pakiti kwa sheria zinazowekwa kwa mkono) kwa ethtool -K, hatua ambayo kwenye ixgbe huzima uelekezaji huo wa moja kwa moja, hivyo kila muunganisho ukabaki kwenye foleni iliyochaguliwa kwa anwani na namba za milango yake. Niliifunga pia programu ya kupokelea nakala kwenye viini maalumu isihamehame. Usiku uliofuata kutuma upya kulipungua hadi karibu na sifuri, na nakala ziliisha kabla ya adhana ya alfajiri.

Mipangilio hii yote hupotea mashine ikizimwa, na umeme wetu ndio huohuo tunaoujua, kwa hiyo niliiandika kwenye huduma ya systemd (kiendesha huduma cha Linux) inayoirudisha kila seva inapowaka, kabla programu ya nakala haijaanza kupokea chochote.