Siku moja na wanasayansi wa chekechea

Saa moja asubuhi. Kabla watoto hawajafika, nakagua chupa zetu za maharage. Ya dirishani imechipua. Ya kabatini, kwenye giza, nayo imechipua! Ile isiyotiwa maji iko vilevile. Nazirudisha zote mahali pake, maana ugunduzi huu ni wa watoto, si wangu.

Saa mbili. Tunakaa kwenye mkeka, chupa katikati. Siku tulipozipanda, karibu wote walitabiri kwamba mbegu ya gizani haitaota kwa sababu "haina jua". Sasa wanabishana. Mmoja anasema labda mlango wa kabati una tundu. Hilo ni wazo la kisayansi kabisa, kwa hiyo tunakwenda kuukagua mlango. Hauna tundu. Hapo ndipo ninapowaambia kwamba mbegu huja na chakula chake ndani, na ili iote inahitaji maji, hewa na joto la kutosha; mwanga mche utauhitaji baadaye. Wanaona wenyewe kwamba mche wa gizani ni mrefu na umepauka. Kila mtu anauchora alivyouona.

Saa tatu. Nje, wawili wawili, wanachorana vivuli kwa chaki. Sharti ni moja: hakuna kulitazama jua.

Saa nne. Nyungunyungu. Tunalowesha mikono kwanza, kwa sababu mnyama huyu hupumua kwa ngozi na ngozi ikikauka hufa. Mtoto mmoja anamweka wake kwenye saruji yenye jua "aote joto". Sipigi kelele, nainama na kumuuliza, "Atapumuaje hapo?" Anafikiri kidogo, kisha anamkimbiza kivulini. Kwangu mimi elimu ya mazingira kwa umri huu ni hiyo hasa. Mabango ya "tunza mazingira" mtoto wa miaka minne hayasomi, ila kiumbe aliyemshika na kumjua atamlinda. Kila mmoja anamrudisha wake kwenye udongo alikomtoa, kisha tunanawa kwa sabuni.

Saa sita. Tunarudi kwenye vivuli. "Mwalimu, nani amekivuta kivuli changu?" Kimefupika na kimehama. Namuuliza yeye anadhani nini, na swali linabaki wazi hadi kesho.

Saa saba mchana. Mzazi anaulizia kusoma na kuhesabu. Namwonyesha daftari la mtoto wake: amepima mche kwa vijiti, amehesabu majani, amejaribu kuandika "maji". Tunasimama pale muda mrefu, anauliza maswali mazuri.

Saa nane. Kesho tunafukua shimo tulimozika jani, ganda la tunda na kipande cha mfuko wa plastiki. Nabandika ukutani utabiri wao. Mmoja anasema plastiki itakuwa udongo, mwingine anasema nyungunyungu wataila yote. Nimeandika kila neno kama lilivyosemwa, bila kusahihisha.